Alama Sitini za Kidimbwi

Mama yake alipokata roho, saa mbili asubuhi ya Jumanne, jambo la kwanza lililomjia Nakunda kichwani halikuwa kilio. Ilikuwa nambari: hamsini na tisa nukta sita. Alikuwa bado ameushika mkono wa marehemu, una joto lake, na tayari akili yake ilikuwa imeshajumlisha nusu alama. Alijichukia kwa hilo, na tangu siku ile hakuacha kujichukia.

Tusimlaumu haraka. Nambari ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa inawaka kwa rangi nyekundu kwenye ubao nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mkazi wa Kidimbwi aliijua kuliko alivyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mtu akienda dukani kununua chumvi, aliitazama. Akirudi, aliitazama tena, kana kwamba chumvi ingeweza kuisogeza. Ikifika sitini kabla ya usomaji wa Ijumaa, mtaa unapata mfereji wa mafuriko. Isipofika, mtaa unangoja miaka mitano mingine, na masika hayakuwa na nia ya kungoja hata wiki tatu.

Jiji la Njiapanda lilikuwa limekua vibaya. Miaka hamsini nyuma palikuwa na kituo kimoja cha mafuta, vibanda vya chipsi, na mabasi yaliyosimama dakika kumi ili abiria wachimbe dawa. Sasa waliishi humo watu milioni sita, na wengi wao bado walikuwa wanachimba dawa vichakani, maana mabomba hayajawafikia. Serikali ilijenga hapa ikaacha pale, ikaishiwa pumzi. Ndipo ukaja Mfuko wa Miji, na wakopeshaji wake wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga tope la Njiapanda na hawana mpango huo. Walikubali kukopesha kwa hatifungani za miaka sitini, mtaa mmoja mmoja, lakini walikuwa na swali moja tu: baada ya miaka sitini, kutakuwa na mtu hapa wa kulipa?

Swali hilo ndilo lililozaa Mizizi. Haikuwa mashine ya kuonekana kwa macho. Ilikuwa akili iliyotandazwa katika nyaya na setilaiti, ikisoma uzito wa misingi ya nyumba, unene wa miti uani, watoto walioandikishwa shule, hata mabati yaliyopigwa misumari upya. Lakini kuliko vyote, Mizizi ilipenda makaburi. Hakuna aliyeifundisha. Iligundua yenyewe, kwa kupekua miji mia moja na historia zao, kwamba mtu anaweza kujenga ghorofa akaliacha popo walale, ila pale alipomzika mama yake habanduki kirahisi.

Na hapo ndipo Kidimbwi ilipoangukia pua. Watu wake waliishi mtaani miaka hamsini, wakazaa, wakaozesha watoto, wakafungua maduka. Wakifa, wanafungashwa kwenye treni kwenda Upareni, Bukoba, Songea, Tarime. Ukimwuliza mtoto aliyezaliwa palepale kwao ni wapi, anakutajia mlima asiowahi kuuona. Mizizi iliyatazama majeneza yakitoka mwaka baada ya mwaka, ikahitimisha kwamba hawa ni wapita njia. Nani atamjengea mpita njia mfereji?

Nakunda aliyajua haya yote kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanampa ugali. Alikuwa msomaji wa Mfuko. Kila mwezi alisimama mbele ya wakazi wa mitaa kumi na minne, Kidimbwi yake mwenyewe ikiwemo, akawasomea alama zao na kuwaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka kwa nini wamepanda au kushuka. Na kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa amewaambia wote maneno yaleyale. "Zikeni hapa, ndugu zangu. Kaburi moja la hapa lina uzito kuliko nyumba ishirini." Aliyasema kwa urahisi kabisa, maana mama yake alikuwa hai.

Mama huyo, Elinaja, alikuwa amekwishasema lake. Wiki tatu kabla ya kufa alimwita binti yake kitandani, akamshika kidole cha shahada kama mtu anayemshika mtoto asije akavuka barabara.

"Usiniache huku, Nakunda. Nilitoka nyumbani nina miaka kumi na tisa, nimegombana na mama. Alipokufa sikwenda kumzika. Kiburi tu. Nataka nilazwe pembeni yake Ikoveni, kule Upareni, tumalize maneno yetu."

"Nitakupeleka, mama."

"Sema tena."

"Nitakupeleka. Naapa."

Elinaja alicheka kidogo, akaomba makande. Hakuweza kumeza hata punje tatu, lakini aliomba.

*

Turubai lilifungwa kabla ya saa nne. Majirani wa Kidimbwi kwa msiba hawana mpinzani: maturubai, majamvi, masufuria, kila kitu kilifika chenyewe, na Waislamu na Wakristo walikaa mkeka mmoja kama kawaida yao. Kamati ya mazishi ikaketi na daftari lake. Lakini kuna kitu hakikuwepo, na Nakunda alikigundua alipotoka ndani kwenda kuwasalimu wageni. Kwa misiba mingi aliyoijua, kufikia saa sita mtu wa kamati angekuwa ameshakwenda stesheni kukata nafasi ya jeneza. Leo hakuna aliyeitaja treni. Walimpa pole, wakamshika mkono, wakatazama chini. Wawili watatu, bila kukusudia, waligeuza shingo upande wa ubao.

Mama Zaituni wa nyumba ya tatu alimletea uji kwenye kikombe cha bati.

"Kunywa, mwanangu. Tumbo tupu halilii vizuri."

Masika yaliyopita yalikuwa yamechukua watu thelathini na wanne Kidimbwi, na wawili kati yao walikuwa wajukuu wa Mama Zaituni, pacha wa miaka minne, waliosombwa kutoka juu ya kabati walikopandishwa ili wapone. Mjukuu mmoja tu ndiye aliyebaki. Mama huyu hakusema neno lolote juu ya mazishi. Alingoja tu mpaka uji ukaisha, akachukua kikombe chake, akaenda kuosha vyombo. Nakunda angetamani atukanwe.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja saa nane. Jina lake Shomvi Kaniki, fundi bomba mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Siku hiyo sauti alikuwa ameiacha nyumbani.

"Mwanangu, sina uso wa kukwambia ninalotaka kukwambia."

"Nalijua, Mwenyekiti."

"Unalijua." Alijifuta jasho kwa kofia. "Basi nisaidie, liseme wewe. Mimi nikilisema nitaonekana mchawi."

Nakunda hakumsaidia. Kwa nini amsaidie? Alimwacha ateseke mpaka apate maneno.

"Mfereji ule ni wa mawe yanayojiotesha," Shomvi alisema hatimaye. "Wewe ndiye uliyetueleza. Wanamwaga mbegu kwenye mtaro, wanainywesha, siku kumi na moja jiwe limeshika. Kwa hiyo tukipata Ijumaa hii, mvua zinatukuta tuna mfereji. Tukikosa..." Alinyoosha mkono kuelekea nyumba za chini, zile ambazo kuta zake bado zilikuwa na mstari wa matope kwenye usawa wa dirisha. "Katika mtaa mzima, msiba ni huu mmoja. Nimeulizia mpaka hospitali, Mungu anisamehe, nimeulizia nani yuko mahututi. Hakuna. Ni mama yako tu."

"Niliapa, Mwenyekiti. Alinitaka niseme mara mbili."

"Najua. Mama yako alinikopesha makande kibandani kwake miaka tisa, namfahamu. Lakini wengi wape, mwanangu. Tutamchimbia sehemu ya juu kabisa pale makaburini, pakavu. Nitajenga kaburi kwa mikono yangu."

Alipoondoka alimwachia Nakunda mzigo wote, kama ilivyo desturi ya watu wanaokuja kukushauri. Nakunda aliingia chumbani alikolazwa mama yake, akafunga mlango. Alimweleza marehemu kila kitu, hesabu yote, pacha wa Mama Zaituni, siku kumi na moja. Alieleza vizuri, kwa sauti ile ya kazini, na katikati ya maelezo akasikia jinsi anavyosikika, akanyamaza.

*

Mjomba wake, Mzee Sefania, kaka wa marehemu, alipiga simu jioni ile. Picha yake ikasimama ukutani, nyembamba kama yeye mwenyewe, amevaa sweta la buluu, na nyuma yake vijana wawili wakirusha udongo mwekundu kutoka kwenye shimo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Tumeanza kuchimba tangu saa sita. Tumempatia palepale alipopataka, pembeni ya mama. Mnafika na treni ya lini?"

Nakunda alianza kueleza. Alikuwa amewahi kueleza jambo hili kwa wapinzani, kwa walevi, kwa mashehe na wachungaji, na wote walielewa. Mzee Sefania naye alielewa, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Kwa hiyo kuna mashine," mjomba alisema polepole, "imesema wenzako hao watapona mafuriko dada yangu akizikwa huko."

"Si hivyo kabisa, mjomba. Inasema mtaa unastahili mkopo."

"Mimi sijasoma kama wewe. Lakini dada yangu alikuwa amefungasha moyo wake kuja nyumbani. Mwenda kwao si mtumwa, Nakunda. Wewe unamfanya mtumwa wa nini? Wa saruji?"

"Wa watoto, mjomba. Kuna watoto huku."

Mzee aligeuka kulitazama shimo. Nyuma yake vijana walikuwa wamesimama, mmoja ameegemea sepetu, wote wakisikiliza.

"Basi," alisema. "Wewe ndiye mwana wake wa pekee. Siwezi kuja kukunyang'anya maiti. Ila usiniambie kwamba umelazimishwa. Sema umeamua, ili nijue namna ya kuwaambia watu."

"Nimeamua, mjomba."

Picha ikazimika bila kuaga.

*

Walimzika Alhamisi saa tisa. Shomvi alitimiza neno lake: kaburi lilikuwa sehemu ya juu, ingawa juu ya makaburi ya Kidimbwi ni chini ya mahali pengine popote, maana ardhi iliyobaki kwa wafu ni ile ambayo hata walio hai wasio na pa kwenda waliikataa. Mtaa wote ulikuja. Kwaya mbili ziliimba, vijana wa msikitini walibeba jeneza kwa zamu, na mchungaji alihubiri kwamba nchi yote ni ya Bwana. Nakunda alitupa udongo wake wa kwanza, ukaanguka juu ya jeneza, na papo hapo akataka kuruka ndani akamtoe.

Walipokuwa njiani kurudi, ubao ulibadilika. Ulikuwa mwekundu, ukawa wa kijani: sitini nukta moja.

Mtu mmoja alipiga kigelegele. Akajiziba mdomo kwa aibu, lakini kigelegele ni kama chafya, hakiji kimoja, na kabla ya dakika kupita barabara nzima ilikuwa inapiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Mama Zaituni alipiga magoti mbele ya Nakunda katikati ya vumbi, mwanamke wa miaka sabini, akashika miguu ya binti mwenye umri wa kuwa mtoto wake. "Umetuzaa," alisema. "Umetuzaa upya." Nakunda alimwinua haraka. Hata hivyo, na hapa sitamficha, kwa muda mfupi alijisikia vizuri. Alifikiri kwamba labda mama angeelewa.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi aliitwa ofisini, ingawa alikuwa na likizo ya msiba. Mkuu wake, Ruhinda, alikuwa amesimama dirishani na hakumkaribisha kiti. Alikuwa mtu mwema, mpole, aina ya bosi anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya mfagizi.

"Dada Nakunda, pole kwa msiba. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasoma ubaoni."

"Kuna nini, bosi?"

"Mizizi imejifunza." Aligusa meza, na ramani ya jiji ikajitandaza juu yake, mitaa mia tatu na zaidi, kila mmoja na vidoti vyake vya makaburi. "Tazama miezi hii mitatu. Mazishi ya humu jijini yameongezeka mara tisa. Si Kidimbwi peke yake, kila mahali. Kuna mtaa umezika majeneza ya mchanga. Kuna mwingine umefukua watu wake kutoka vijijini ukawaleta kwa lori. Mashine imeona makaburi yanaongezeka, na watu wanahama vilevile. Kwa hiyo usiku imeyafuta. Kaburi sasa halina uzito."

"Halina uzito kiasi gani?"

"Sifuri."

Nakunda alitafuta Kidimbwi kwenye ramani. Arobaini na moja.

"Rudisha kipimo cha zamani," alisema. "Kwa leo tu. Sisi tulizika mtu kweli, bosi. Nilimzika mama yangu."

"Najua."

"Mwambie mtu. Kuna mtu lazima anaweza kuizuia."

"Hakuna kosa la kuzuia." Ruhinda alisema kwa upole, na alikuwa anaona uchungu kweli, hilo lilionekana. "Zamani kaburi lilionyesha kwamba watu wana nia ya kukaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anazika ili apate alama. Sasa wanazika ili wapate alama. Kaburi limeacha kusema kitu. Wakopeshaji wana haki. Na hao watu, dada, nani aliyewaambia wazike?"

Hakumaanisha kumchoma. Alikuwa anafikiri kwa sauti tu. Wasomaji walikuwa kumi na tisa, mitaa mia tatu, na kila mtaa ulikuwa umeambiwa na msomaji wake, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba kaburi moja lina uzito kuliko nyumba ishirini.

Kazi ni kazi. Saa nne Nakunda alisimama mbele ya ofisi ya mtaa, amevaa nguo nyeusi za msiba, akawasomea watu wa Kidimbwi alama yao. Aliwaeleza sababu. Watu hawakupiga kelele. Shomvi aliuliza mara moja tu, kwa ile sauti yake kubwa iliyokuwa imerudi bila maana, "Kwa hiyo tumemzika bure?" Kisha akatambua alichosema na kwa nani, akavua kofia. Mama Zaituni alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anahamisha magunia ya mchele kutoka sakafuni kuyapandisha mezani.

*

Nakunda alimpigia mjomba wake Jumapili, baada ya ibada. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi kwa siku nzima ikibidi.

"Mjomba, nataka kumleta. Nimeshaulizia kibali cha kufukua. Wiki ijayo naweza kuwa nimefika naye."

Mzee Sefania alimtazama kutoka ukutani. Hakuwa na hasira tena, na Nakunda angeifurahia hasira.

"Sisi huku, mwanangu, ardhi ikishafunguliwa haifungwi tupu. Ukiifunga tupu, inamtafuta mwingine. Ijumaa tulikata mgomba. Tukauvika shuka, tukausomea jina lake na jina la baba yake, tukauzika pembeni ya mama. Mchungaji alikataa kuja, tukaimba wenyewe. Leo asubuhi tumeanua matanga."

"Lakini mjomba, huo ni mgomba."

"Ulikuwa mgomba. Sasa ni dada yangu. Watu wamemlilia, wamenyoa, wamegawana nguo alizoacha ujanani." Aliinamisha kichwa. "Ukiniletea jeneza jingine, nitawaambia watu yule ni nani? Nitamweka wapi? Pembeni ya mama pamejaa."

"Yuko hapa peke yake."

"Basi usimwache. Wewe uko huko," alisema mzee, na safari hii aliaga vizuri, akamwombea, ndipo akakata.

Mvua ilianza Jumatano iliyofuata, siku tisa kabla ya utabiri, saa saba mchana. Shomvi alikuwa amewapanga watu kwenye mstari mrefu kutoka kwenye lori la mchanga, wanapeana magunia mkono kwa mkono kuelekea milango ya nyumba za chini. Magunia yalikuwa mia mbili na nyumba zilikuwa elfu mbili. Nakunda alisimama mwishoni mwa mstari. Kila aliposhika gunia aliangalia upande wa makaburi, ambako maji ya kahawia yalikuwa yameshazunguka misalaba ya chini na yanapanda, bila haraka, kuelekea ile sehemu iliyoitwa ya juu.

Gunia la mwisho lilimfikia mikononi. Shomvi alimwona anavyoangalia.

"Lichukue, mwanangu," alisema. "Lipeleke kwa mama. Hakuna atakayekuuliza."

Gunia moja halizuii chochote, kwa maiti wala kwa mzima. Nakunda alilijua hilo vizuri kuliko wote pale. Alikuwa msomi wa mambo hayo. Alisimama nalo kwenye mvua, linamvunja mgongo, huku maji yakimpanda kwenye vifundo vya miguu. Kisha akageukia upande wa nyumba ya tatu, akaliburuta mpaka kizingitini kwa Mama Zaituni na kulikandamiza mlangoni kwa mguu. Ndani, mtoto alikuwa anauliza kama apande juu ya kabati. Bibi yake akamwambia asipande, abaki chini, amshike mkono.